Namna ya Kumtunza Nyumbani Mtu Mwenye Dimensia au Aliyeumia Ubongo

Familia nyingi huchelewa kuutambua ugonjwa wa dimensia kwa sababu dalili zake za mwanzo hufanana na mambo tuliyoyazoea kwa wazee. Bibi anauliza swali lile lile mara nne kabla ya chai kupoa, babu aliyeendesha duka maisha yake yote anashindwa kurudisha chenji, mama anatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi au anaisahau sufuria jikoni mpaka wali unaungua, na wote wanaomzunguka husema kwamba huo ni uzee tu. Ni kweli kwamba uzee hupunguza wepesi wa kukumbuka, na mzee mwenye afya njema anaweza kusahau jina la mtu kisha likamjia baadaye akiwa anakula. Lakini uzee peke yake haumfanyi mtu apotee njia ya kwenda kwenye nyumba aliyoishi kwa miaka mingi, wala haumfanyi amtazame mwanawe wa kumzaa akamwuliza ametokea wapi. Mambo yakifika hapo, kuna maradhi ndani ya ubongo, na mgonjwa anahitaji uuguzi kama mgonjwa mwingine yeyote.

Dimensia ni jina la kundi la maradhi yanayoharibu seli za ubongo na kumwondolea mtu kumbukumbu, uwezo wa kuamua, lugha, na mwishowe uwezo wa kujihudumia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na hali hiyo, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na kwamba ugonjwa wa Alzheimer ndio unaosababisha asilimia 60 hadi 70 ya visa. Aina nyingine inayoonekana sana hutokana na mishipa ya damu ya ubongo iliyoharibiwa na shinikizo la damu, kisukari au kiharusi. Kwetu pia ugonjwa upo: utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ulikuta kwamba takribani 6 kati ya kila 100 walikuwa nao.

Anayemuuguza mgonjwa huyu atapata nafuu kubwa akielewa jambo moja kuhusu namna ugonjwa wa Alzheimer unavyoendelea. Sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya ndiyo huharibika mapema, na kumbukumbu za zamani hubaki kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mama anaweza kuimba beti zote za wimbo wa harusi yake huku hakumbuki kwamba amekula nusu saa iliyopita. Anapodai kwamba amenyimwa chakula, hasemi uongo wala hakukusudia kukuaibisha mbele ya wageni. Katika ubongo wake, mlo ule haukuandikwa popote. Sehemu nyingine ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotuwezesha kujizuia, na ikiumia mtu aliyekuwa mpole na mwenye haya huweza kutukana, kuvua nguo hadharani au kukataa kuoga. Kila tabia ya namna hiyo ina chanzo, na kazi kubwa ya mtunzaji ni kukitafuta chanzo hicho badala ya kushindana na mgonjwa.

Kwanza apelekwe hospitali

Kabla ya kukubali kwamba ni dimensia, mzee apimwe. Yapo maradhi yanayomfanya mtu asahau na kuchanganyikiwa ambayo yana tiba: tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, upungufu wa vitamini B12, sonona, kaswende iliyofika kwenye ubongo, na maambukizi ya VVU. Dawa nazo huchangia, hasa zile za usingizi, za mafua na mzio zinazoleta usingizi, na baadhi ya dawa za sonona, kwa hiyo bebeni dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba na za kununua duka la dawa bila cheti, mkamwonyeshe daktari. Mkumbuke pia kumwambia kama mzee alianguka katika wiki au miezi ya karibuni. Kwa mzee, hata kujigonga kidogo kwenye fremu ya mlango kunaweza kusababisha damu kuvuja polepole na kujikusanya juu ya ubongo, na dalili zikaanza wiki kadhaa baadaye wakati kila mtu amekwisha kulisahau tukio lenyewe. Kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mashine, huionyesha damu hiyo, na mara nyingi upasuaji huiondoa na mgonjwa akarudiwa na akili zake.

Jambo la kutofautisha kwa uangalifu ni kasi. Dimensia kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa juzi, na leo haelewi yuko wapi, anaona watu wasiokuwepo au analala tu mchana kutwa, ana dharura ya kitabibu, hata kama tayari alikuwa na dimensia. Mara nyingi chanzo huwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, kupungukiwa maji mwilini, sukari kushuka au dawa mpya aliyoanzishwa. Kama kuchanganyikiwa kumeambatana na mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukwama, huenda ni kiharusi, na kila dakika ina thamani. Apelekwe hospitali mara moja, msisubiri kesho.

Dawa ya kuiponya dimensia ya kawaida haipo mpaka sasa. Zipo dawa, kama donepezili, zinazoweza kupunguza makali ya dalili za Alzheimer kwa muda. Dawa za kumtuliza mgonjwa anayesumbua, kama haloperidoli, huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye dimensia, kwa hiyo zisitumike kwa kuazimana wala kwa ushauri wa muuza dawa. Daktari anaweza kuziandika kwa sababu maalumu na kwa muda mfupi, na familia ina haki ya kumwuliza zitasimamishwa lini.

Namna ya kuzungumza naye

Mjie kutoka mbele ili akuone, mwamkie kama ulivyomwamkia siku zote, na ujitambulishe bila kumfanyia mtihani. Wageni wengi wakifika huanza na swali la "Unanijua mimi ni nani?", kisha husimama wakisubiri jibu huku mzee akitafuta jina na kulikosa, na aibu humjaa usoni. Afadhali mgeni aseme, "Shikamoo bibi, mimi mjukuu wako wa Tanga, nimekuletea machungwa." Mara moja bibi amepata salamu, uhusiano, mahali na kitu cha kushika mkononi, na mazungumzo yanaweza kuendelea hata kama jina halikumjia. Waelekezeni wageni hivyo mlangoni kabla hawajaingia.

Sema jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sentensi fupi, kisha nyamaza umpe nafasi ya kuelewa. Zima redio au televisheni unapotaka akusikie. Chaguo liwe la vitu viwili, uji au chai, kwa kuwa swali la "Unataka kula nini?" linamtaka akumbuke vyakula vyote vilivyopo duniani. Heshima ibaki palepale: asiitwe mtoto, asisemwe mbele yake kana kwamba hayupo, na watoto wasiruhusiwe kumcheka.

Swali gumu kuliko yote huja jioni, anaposimama mlangoni na kusema anataka kwenda nyumbani, ilhali yuko nyumbani kwake. Ukimjibu kwamba hapa ndipo kwake, atabisha, utapandisha sauti, naye ataogopa zaidi. Nyumbani anakokutaja huenda ni kwa wazazi wake waliokwisha kufariki, na anachokitafuta ni usalama aliokuwa nao kule. Mwulize kuhusu huko nyumbani, nani alikuwa akipika, shamba lilikuwa na nini, na umtembeze kidogo uani huku anasimulia. Baada ya muda wengi hutulia na kukubali kuketi kula. Akimwulizia mume wake aliyefariki, naona si haki kumpa taarifa ya msiba upya kila siku, kwa sababu kila anapoisikia huilia kama ndiyo mara ya kwanza. Zungumzeni juu ya marehemu, mwonyesheni picha zake, mwacheni amkumbuke.

Tuhuma za wizi zitakuja pia. Mgonjwa huficha pesa, husahau alikozificha, na ubongo wake hujaza pengo kwa kumpata mwizi. Anayetuhumiwa huwa yule aliye karibu zaidi, na katika nyumba nyingi huyo ni dada wa kazi. Mjiwekee utaratibu wa kutafuta pamoja na mgonjwa kwanza katika maficho yake ya kawaida, chini ya godoro, kwenye pindo la kanga, ndani ya kopo la sukari, na msimfukuze wala kumdhalilisha binti wa watu kwa neno la mgonjwa. Mwelezeni mapema, siku anayoanza kazi, kwamba jambo hili litatokea na kwamba familia inaelewa.

Kuoga, kula na kulala

Kuoga ndiko kunakozaa ugomvi mwingi. Mzee anayekataa kuoga huwa ana sababu: anasikia baridi, anaogopa kuteleza, au anaona aibu kuvuliwa nguo na mtu ambaye kwake siku hiyo ni mgeni. Tayarisha kila kitu kabla hujamwita, maji ya vuguvugu kwenye ndoo, kata, sabuni, taulo, nguo safi zilizopangwa kwa mfuatano wa kuvaliwa, na kigoda imara kisichoteleza. Chagua saa aliyozoea kuoga tangu zamani. Mama aogeshwe na mwanamke, baba na mwanaume, ikiwezekana. Mfunike kwa kanga na uinue sehemu moja tu unayoiosha, ukianza na miguu, kisha mikono, ili mwili uzoee maji. Usimmwagie maji kichwani kwa ghafla, kwa sababu hilo ndilo linalowatisha wengi mpaka wakapiga mkono. Mpe kitambaa ashike na ajisugue mwenyewe anapoweza, huku ukimweleza kila hatua: "Sasa naosha mguu wa kulia, bibi." Siku ambayo amekataa kabisa, mwache, rudi baada ya saa moja, na ikishindikana mpanguse kwa kitambaa chenye maji. Kuoga kila siku si lazima kwa afya yake.

Mlo nao unahitaji kufikiriwa. Macho ya mgonjwa yanaweza kushindwa kuutenga ugali mweupe na sahani nyeupe, akaondoka mezani na njaa, hali wengine wanadhani hana hamu ya kula. Ukiuweka kwenye sahani ya rangi iliyokolea anauona. Mpe chakula cha kushika kwa mkono, kama ndizi, kiazi kilichochemshwa au vipande vya chapati, pale kijiko kinapomshinda. Maji apewe kwa saa, kidogo kidogo, kwa kuwa kiu yake haimkumbushi tena. Ale akiwa ameketi wima, na abaki hivyo kwa muda wa kama nusu saa baada ya kula. Akianza kukohoa au kupaliwa anapokunywa, sauti yake ikawa kama yenye maji baada ya kumeza, mwone daktari, kwa sababu chakula kikiingia njia ya hewa husababisha nimonia, na nimonia ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo katika hatua za mwisho za ugonjwa huu.

Kuhusu usingizi, mchana awe na kazi: kuchambua mchele, kukunja nguo, kumenya njegere, kutembea uani asubuhi kwenye jua. Kazi isipofanyika vizuri, irudie wewe baadaye bila yeye kuona. Chai ya rangi iliyokolea na kahawa zikome alasiri, na taa iwashwe kabla giza halijaingia, maana vivuli vya magharibi humfanya aone watu ambao hawapo.

Nyumba, njia na majirani

Ondoa vitu vya kumkwaza, hasa mikeka inayokunjika na nyaya sakafuni, na acha taa ndogo kwenye njia ya chooni. Mafuta ya taa, dawa za mifugo, sumu ya panya na vidonge vyake vyote vifungiwe. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye kichwa chake kila baada ya kupika, na kisima kifunikwe.

Kutangatanga ni hatari kubwa kuliko zote. Shonea namba ya simu ya familia ndani ya nguo zake, uwe na picha yake ya karibuni kwenye simu, na uweke mlangoni kengele ndogo italiayo anapotoka. Akipotea, msipoteze muda kuitana kwenye kikao: tafuteni kwanza karibu, kwenye mitaro, vichaka na majumba yasiyokamilika, kisha kwenye njia ya mahali alipokuwa akiishi au akifanya kazi zamani, na mtoe taarifa polisi mara moja. Waendesha bodaboda wa kijiweni wamjue kwa sura.

Nalisema hili kwa uzito. Katika baadhi ya maeneo, mzee anayeonekana usiku nje ya nyumba ya watu, akiongea peke yake na nguo zikiwa hazijakaa sawa, hudhaniwa ni mchawi. Oktoba 2021, huko Kisii nchini Kenya, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi, na Kanda ya Ziwa ya Tanzania imeshuhudia mauaji ya namna hiyo ya vikongwe kwa miaka mingi. Kumficha mgonjwa ndani kwa aibu hakumkingi, kwa kuwa siku atakayochomoka hakuna jirani atakayejua kwamba anaumwa. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kwa imamu au mchungaji, kwa majirani wa pande zote, mwaeleze kwa maneno ya wazi kwamba mzee wetu ana ugonjwa wa ubongo unaomsahaulisha, akionekana popote ashikwe mkono kwa upole na tupigiwe simu. Kumfunga kamba au mnyororo ni ukatili, humletea vidonda na hofu, na hakuna mazingira ambayo nitaukubali.

Aliyeumia kichwa

Kijana aliyegongwa akiwa kwenye bodaboda bila kofia ngumu anaweza kurudi nyumbani akitembea na kuongea vizuri, familia ikashukuru Mungu kwamba amepona, kisha baada ya wiki mbili wakaanza kulalamika kwamba amekuwa mvivu, mkali na mpotevu wa pesa. Jeraha la ubongo halionekani kwa nje. Uchovu wake ni wa kweli, kelele humuumiza, hasira humpanda ghafla na kushuka ghafla, na mara nyingi yeye mwenyewe haoni kwamba amebadilika.

Tofauti kubwa kati yake na mzee mwenye dimensia ni mwelekeo. Dimensia huendelea kushuka, kwa hiyo tunamwongezea mzee msaada kadiri uwezo unavyopungua. Aliyeumia ubongo anaweza kuendelea kupata nafuu, kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo na polepole kwa miaka kadhaa, na ubongo hujifunza upya kwa kurudia kutenda. Ukimfanyia kila kitu unamnyima tiba. Mwandikie ratiba ya siku ukutani, tumia kengele ya simu kumkumbusha dawa, mwache afunge vifungo vyake mwenyewe hata kama inachukua dakika kumi, na umpe mapumziko kila baada ya kazi fupi. Anapopandwa na hasira, punguza kelele na watu, ondoka kidogo, na usimkaripie palepale. Pombe na bangi zikome kabisa, na asiendeshe chombo chochote mpaka daktari aruhusu.

Degedege au kifafa kinaweza kuanza hata miezi baada ya ajali. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na angalia saa. Likizidi dakika tano, au likijirudia kabla hajazinduka, mkimbize hospitali. Katika siku za kwanza baada ya ajali yoyote ya kichwa, arudishwe hospitali haraka akitapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yakizidi, akiwa mgumu kuamka, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au maji maangavu yakimtoka puani au masikioni.

Mali na mtunzaji

Mambo ya hati za shamba, akaunti ya benki na wosia yazungumzwe mapema, mbele ya mwanasheria, wakati mgonjwa bado anaelewa anachotia saini. Namba ya siri ya simu yake ibadilishwe, maana matapeli huwapata watu hawa kwa urahisi.

Mzigo wa uuguzi, kama tujuavyo, humwangukia mtu mmoja, kwa kawaida binti ambaye hajaolewa au mkamwana aliyebaki kijijini, na wengine hutuma pesa na kutoa maoni kwenye kundi la WhatsApp. Pesa zinahitajika kweli, kwa nepi, sabuni na nauli za kliniki, lakini hazimpi yule binti usingizi. Kikao cha familia kipange zamu za watu kuja wenyewe: nani atakuja kukaa wiki nzima, mwezi gani, ili mtunzaji aende akapumzike bila simu ya kuulizwa dawa ziko wapi. Mtunzaji anayelia kila siku, asiyelala hata usiku anaopata nafasi, au aliyefikia kuinua mkono kumpiga mgonjwa, aondolewe zamuni kwanza na apelekwe kwa daktari, kwa kuwa naye sasa ni mgonjwa.

Kwa ajili ya zamu hizo, pawe na daftari moja nyumbani. Liandikwe mgonjwa alikula nini na saa ngapi, alipata choo lini, alilala vipi, dawa gani alimeza, ni jambo gani lilimkasirisha na ni wimbo au sala gani ilimtuliza. Anayepokea zamu alisome kabla mwenzake hajaondoka, na siku ya kliniki liende pamoja na mgonjwa, kwa sababu dakika chache za daktari hazitoshi kumwona alivyo usiku, ilhali kurasa za mwezi mzima zitamwonyesha.